Mama Shuka hamwambii mtu afumbe macho

Saa mbili asubuhi, mwanasaikolojia amesimama katikati ya chumba chake nyuma ya wodi ya wazazi, ameshika pembe mbili za shuka jeupe. Pembe nyingine mbili zimeshikwa na dereva wa lori. Wanalivuta likanyooka, wanasogeleana, wanapokezana pembe, wanarudi nyuma. Ukichungulia mlangoni utadhani umepotea njia, umeingia kwa dobi.

Na hutakuwa umekosea sana. Mama yake alikuwa dobi wa hospitali hii hii, na binti alikua akikunja naye mashuka kila akitoka shule. Mama hakuwa mtu wa maswali, lakini kabla kikapu hakijaisha, binti alikuwa ameshamwaga yote ya moyoni.

“Ningeketishwa kitini nikaulizwa nina nini, nisingesema kitu,” anasema. “Pale nilisema kwa sababu mikono ilikuwa na kazi, na mama alikuwepo, hana haraka.”

Chuo kikuu alibobea katika tiba ya utulivu, ile ya kumfundisha mtu kuwa hapa alipo badala ya kurudi kila mara pale alipoumia. Alipoajiriwa aliomba kikapu cha mashuka yaliyokauka. Wenzake walicheka weee! Jina la Mama Shuka lilianza kama kejeli. Leo ndilo wagonjwa wanaloliulizia getini.

Dereva, baba wa mapacha, hajaendesha tangu lori lake lilipokatika breki mteremkoni. Hakufa mtu. Utingo wake alivunjika mguu, akapona, lakini yeye akabaki kule kule. Mshauri wa kwanza alimwambia afumbe macho, avute pumzi. Masikini, kufumba macho ndiko kulikomrudisha mteremkoni. Alitoka mbio, akaapa harudi tena, mpaka mkewe alipomkokota huku. Tajiri wake, mwenye lori, naye amechoka kungoja: leo asipoendesha, lori linapewa mtu mwingine.

Mama Shuka alimwacha na macho yake wazi. Alimwomba ausikie uzito wa shuka, amtazame mwenzake, asivute kwa pupa. Mawazo yakitoroka, shuka linalegea, na wote wawili wanaliona. Basi wanaanza upya, bila lawama.

“Mwanzoni lilikuwa sakafuni muda wote,” dereva anasema akicheka. “Yeye analiokota tu. Hajawahi hata kuguna.”

Leo halijalegea. Wanaliweka mezani, wanatoka hadi uani, lori lilipoegeshwa. Tajiri ameegemea ukuta, mikono kifuani. Dereva anapanda, Mama Shuka anapanda upande wa pili, na mwandishi wenu anabanwa katikati, roho mkononi.

Lori linatoka getini, linashika mteremko taratibu. Mama Shuka ameng'ang'ania mlango, midomo ameibana, macho ameyafumba kabisa. Dereva anamtupia jicho mara moja, analirudisha barabarani.

“Dada, fumbua macho,” anamwambia kwa upole. “Pumua.”

Anafumbua. Anapumua. Chini ya mteremko breki zinashika, na hapo dereva anafuta machozi kwa kiganja bila kumficha mtu.

Mama Shuka akishuka anataja ndoto yake: kukipeleka kikapu kwenye maegesho ya malori, kwa madereva wasiothubutu kukanyaga hospitali. Tatizo, anasema, ni usafiri.

“Pakia,” anasema dereva, injini bado inanguruma.