Kijitu Kilichobaki Darajani

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilirudi nyumbani, mwendo mfupi kutoka Litein, nikiwa nimepita umri wa miaka arobaini na nimebeba kompyuta kuukuu ndani ya gunia. Nilikuwa nimeishi Mombasa, Nakuru, Kampala, kisha Mombasa tena. Kila mji niliupenda zaidi baada ya kuuacha, na huo ndio ugonjwa wangu.

Kompyuta niliipata kwa ofisi moja ya Nairobi iliyokuwa ikihama. Rafiki akanipa diski ya Linux, programu ya kuendeshea kompyuta, akasema mashine iliyozeeka huenda vizuri nayo. Nikaiunganisha na televisheni ya mama sebuleni. Ilipiga nyimbo za kwaya na kuonyesha filamu, lakini mimi niliitaka kwa ajili ya michezo ya zamani, ile niliyocheza ujanani katika ukumbi mmoja wa Mombasa. Ndani yake kulikuwa na programu ndogo iliyojifanya mashine ya enzi zile, na mchezo ukaiamini.

Nilidhani nitacheza peke yangu. Mama aliutazama siku mbili tatu, akaniomba kile kidude chenye vitufe, na tangu hapo sikukipata tena kwa urahisi. Akamwita na rafiki yake.

Rafiki huyo alikuwa mwanamke wa kutoka upande wa ziwa, mchuma chai katika shamba kubwa linalopakana na letu. Tangu nikiwa shuleni mama alimpa maziwa, naye akirudi kutoka kwao alituletea samaki wakavu. Sasa alikuwa amestaafu, na mwisho wa mwezi alitakiwa kurudisha nyumba ya shamba na kwenda kwao moja kwa moja. Hawakulizungumzia jambo hilo. Walicheza.

Katika mchezo wao kijitu kilichoshika taa kilivuka nchi baada ya nchi mpaka kwenye mnara. Mmoja akikiangusha, anampa mwenzake kidude. Vidole vyao, vilivyokata majani mawili na kichipukizi maisha yote, vilikuwa vyepesi kuliko vyangu.

"Ruka, chepyoset," mama alimhimiza, yaani mwanamke wewe. "Unamngoja nani? Karani wa mizani ya chai?"

"Niache, nyaminwa," rafiki yake akajibu kwa lugha ya kwao, yaani dada. "Jana si ni wewe uliyemtumbukiza mtoni?"

"Mto ulikuwa umejaa."

"Mto wa televisheni unajaa kwa mvua ya wapi?" Akanigeukia. "Wuoda, mwanangu, mwambie mama yako kijana huyu hajui kuogelea."

Walipochoka, niliugandisha mchezo pale ulipofika na kuuhifadhi, na kesho yake waliendelea papo hapo. Walitaka kufika mnarani pamoja kabla ya siku ya kuhama.

Lakini kwetu mvua ya mawe huja karibu kila alasiri, na radi zake si za mchezo. Ngurumo ya kwanza ikisikika upande wa Mau, kila nyumba huchomoa waya wa televisheni, hufunika kioo kwa leso, na watu huketi kimya. Linux nayo haipendi kukatwa ghafla; huagwa kwanza kwa amri, ndipo izimwe. Nilikuwa nimemweleza mama aniite kabla ya kuchomoa.

"Radi nayo nitaiambia ingoje?" aliniuliza.

Wiki ile ya kuhama walifika kwenye daraja la mwisho kabla ya mnara. Niliuhifadhi mchezo, nikatoka kumwingiza ng'ombe zizini. Ngurumo ikapiga. Niliporudi nimelowa, wote wawili walikuwa wameketi mbali na dirisha, na waya wa kompyuta ulikuwa sakafuni.

Mvua ilipokatika niliwasha. Mashine ilikataa kuamka. Ilijaza kioo maandishi meupe, ikikagua diski na kuniuliza kila mara kama irekebishe.

"Imekufa?" rafiki wa mama aliuliza.

"Inajitibu, mama."

Alingoja, kisha akainuka kwenda kufunga mizigo. "Ikipona, mniite."

Ilipona kabla ya jua kuzama, ila faili ya mchezo haikuwa mahali pake. Linux ina chumba cha vilivyookotwa, ambako vitu vilivyopotelewa na majina hupewa namba. Nilizijaribu namba hizo moja moja. Hatimaye muziki ukalia, na kijitu kikatokea, kimesimama darajani na taa yake mkononi.

Nilimwita mama aone. "Nikimbie nikamwite?"

Alisogea karibu na kioo. "Usimwite."

"Lakini mlitaka kumaliza."

"Tukimaliza, atarudi hapa kufanya nini?" Alisema bila hasira. "Weri, mwanangu, wewe ndiye unayejua kumaliza mahali ukaondoka. Sisi hatujazoea. Acha iwe mgonjwa."

Siku ya lori la kumhamisha, rafiki wa mama alisimama langoni kwetu. "Na kijana wetu?"

"Bado anaumwa," mama akajibu.

"Pole yake."

Walishikana mikono mpaka dereva akapiga honi. Baada ya hapo mama alirudi shambani kuchuma, na kwa majuma mengi hakuna aliyeigusa kompyuta, hata mimi. Nilianza kuwaza Kampala.

Kisha asubuhi moja akaniambia, "Nenda umwambie imepona."

Nilikwenda kwenye kibanda cha simu Litein, nikapiga simu kwenye duka lililokuwa karibu na kwao. Mwenye duka akatuma mtu amwite, na nilipopiga tena nikaisikia sauti yake.

"Mama anasema mashine imepona," nikamwambia.

Alicheka. "Wuoda, ilipona jioni ileile. Nilipita nyuma ya ua wenu na kuni, nikausikia muziki. Maiti haipigi muziki."

"Mbona hukuingia?"

"Ningeingia tungemaliza." Kwa nyuma kuku walikuwa wakigombana. "Mwambie nitakuja nikishavuna mtama. Na asiguse kidude."

Nilifikisha ujumbe kama ulivyo. Mama alikuwa akimenya viazi. Hakushangaa kuwa rafiki yake alijua siku zote. Aliuliza tu mtama wa huko huiva lini, na kama kufikia wakati huo nitakuwa bado nipo.

Nikasema nitakuwepo.