Waya za dhahabu Msimbati: bass ilipotea, begi langu likiwa bado mlangoni

Wakuu, heshima zenu. Haya yamenitokea mwenyewe, sijasimuliwa na sijatia chumvi.

Asubuhi niliamka Mtawanya, pembeni mwa mji wa Mtwara, nilikokuwa nimejishikiza kwa jamaa. Nikapiga mswaki, nikabeba begi, nikatoka. Kwenda wapi, hata mimi sijui. Ndivyo nilivyo tangu nilipoacha shule darasa la sita: nikishazijua njia zote za mahali, miguu inaanza kuwasha.

Barabarani nikapunga mkono, ikasimama kirikuu iliyobeba saruji. Dereva akauliza, "Unaelekea wapi?"

"Unakoelekea wewe."

Akacheka, akanipa boksi nipakate. "Panda, ila hilo usilikalie. Mle ndani mna heshima kuliko saruji yote huko nyuma."

Ndani ya boksi: waya za spika.

Huyo ndiye Baba Zuhura, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Msimbati, pwani ya huku karibu na pale mto Ruvuma unapoingia baharini. Njia nzima alinifundisha waya. Shaba tupu, ncha zimepakwa dhahabu, kaziagiza Dar baada ya kusoma review mpaka macho yakamuuma. Amplifaya anayo, spika anazo ndefu kama kabati. Kilichobaki ni waya.

"Sauti inapita humo, kijana. Ukiipitisha njia mbovu, inafika imechoka."

Nami na udadisi wangu, nikauliza kila kitu. Sijawahi kuwa mwanafunzi mzuri hivyo.

Tulipofika niliulizia nyumba ya wageni. Imejaa. Gari la kurudi mjini limeshaondoka. Baba Zuhura akasema, "Kwangu kuna chumba cha uani. Tusikilize muziki kwanza, halafu mama atakutandikia."

Mkewe, Mama Zuhura, alitupokea akiwa anachambua mchele. Akalitazama boksi, akanitazama mimi. "Karibu, mgeni. Kumbe siku hizi mume wangu akinunua kitu anakuja na shahidi?"

Nikaacha begi mlangoni, tukaingia.

Waya za zamani zilikuwa nyekundu na nyeusi. Hizi mpya zina plastiki ang'avu, nyuzi mbili zinazofanana kama mapacha, isipokuwa mmoja una kamstari kembamba. Nikauliza kamstari kale ni ka nini.

"Urembo," akasema. "Umeme hauna kichwa wala mkia."

Akafunga zote mwenyewe. Mimi nilimulika kwa simu tu.

Akaweka taarabu. Wakuu, mwimbaji yupo, kinanda kipo, lakini bass imehama nyumba.

Baba Zuhura akafumba macho. "Mnausikia usafi huo?"

"Nasikia redio ndani ya ndoo," mkewe akajibu. "Bass imeenda wapi?"

"Ile bass ilikuwa uchafu wa waya za zamani. Umeuzoea tu."

"Basi nirudishie uchafu wangu."

"Tuna mgeni hapa, maelezo yote anayo. Kijana, sema kweli."

Hapo ndipo nilipoona nafasi yangu ilivyo. Nikimuunga mkono mume, nimemkosea anayetandika kitanda. Nikimpinga, nimemkosea mwenye nyumba mbele ya mkewe. Jua limeshainama, na nje ya hapo sina pa kulala.

Nikaomba nishike balance ya amplifaya. Nikapeleka sauti kushoto peke yake: bass ipo. Kulia peke yake: ipo. Zote pamoja: haipo. Niliwahi kushinda sana kwenye kibanda cha fundi redio Masasi, kwa hiyo nikaelewa. Nikachungulia kamstari nyuma ya spika: ile ya kushoto imefungwa chanya kwenye hasi. Moja inasukuma hewa, nyingine inaivuta, na bass inafia katikati ya sebule.

Kujua ni rahisi. Kusema?

"Samahani, Baba Zuhura. Wewe kabila gani?"

"Mmakonde. Vipi?"

"Mimi Myao wa Tunduru."

Mama Zuhura akapiga makofi palepale. Kwa msiojua, sisi ni watani. Mtani akikwambia ukweli halafu ukanuna, mwenye aibu ni wewe.

"Mtani," nikasema, "waya hazina kosa. Spika ya kushoto umeivalisha shati, vifungo viko mgongoni. Ndiyo maana inagombana na mwenzake."

"Myao! Umepanda gari langu, umepakata boksi langu, sasa unanitukania sebuleni kwangu?"

"Nilitaka nile kwanza, ila chakula kinachelewa."

"Kinakuja, shemeji!" Mama Zuhura akasema. "Wewe endelea tu!"

Baba Zuhura akainama nyuma ya spika, akageuza nyuzi kwa kufuata kamstari. Bass ikarudi mpaka vikombe vya kabatini vikaanza kugongana.

"Si nilisema?" akatamba. "Hizi waya ni balaa."

Mkewe hakumwachia. Akamgeuza uso kuelekea dirishani, nikafunga mara waya za zamani, mara mpya, bila kumwambia zipi ni zipi. Zilipolia za zamani akanyoosha kidole. "Dhahabu hiyo! Sikilizeni mwimbaji anavyovuta pumzi!"

Mama Zuhura alikaa chini kwa kicheko. Na mimi, kusema kweli, nisingeweza kuzitofautisha.

Baba Zuhura akazungusha waya mkononi. Nikalitazama begi langu. Akaenda, akalibeba, akalipeleka uani.

"Utalala humu, Myao. Ila ukuta huu ni wa sebule, na mimi kabla jogoo hajawika nakuwa nimeshawasha taarabu."

Nilichojifunza: waya wa kawaida wa shaba, mnene wa kutosha kwa umbali wa sebule yako, unatosha. Kabla hujaagiza wa dhahabu, hakikisha chanya imeenda kwenye chanya. Baba Zuhura amezifunga tena zile mpya, eti zinapendeza. Hapo sina ubishi, zinapendeza kweli.

Naandika hapa kitandani, chandarua kinatikisika kwa bass. Wenye waya za bei mbaya, uwanja ni wenu, nibishieni. Ila kwanza kila mtu mkewe amgeuze uso kuelekea dirishani.