Detekta Kwenye Kona ya Baba

Mwaka ule kampuni moja ilirusha droni juu ya kijiji chetu, Lurujo, siku tatu, ikaondoka bila kuaga mtu. Hatukuambiwa ilichokiona, kwa hiyo kila mmoja alijipatia jibu lake. Kufikia siku ya soko, dhahabu ilikuwa imejaa chini ya wilaya nzima ya Koboko, hasa chini ya mashamba ya watu wanaopenda kusimulia.

Mimi sikuamini. Mimi ni mtu wa soko la Arua. Nimeuza mitumba, betri za sola na simu zilizotumika, na sinunui kitu kabla ya kukihesabu mara mbili, hata kama ni kimoja. Lakini jirani yangu wa kibanda, Mkongo aliyewahi kushika koleo kwenye machimbo ya kwao, alijua duka linalouza detekta: fimbo yenye sahani chini, kioo kidogo juu na hedifoni. Sahani ikipita juu ya metali, kioo kinaonyesha namba na masikio yanapigiwa kelele.

Muuzaji alivua pete yake ya ndoa, akaifukia ndani ya gunia la maharage. Mashine ikalia. Hamsini na nane.

"Weka tena," nikamwambia.

Akaifukia gunia jingine. Hamsini na nane.

"Mukubwa," jirani akaniuliza, "unataka na bibi yake aingie kwa gunia ndiyo uamini?"

Nikashusha bei mpaka muuzaji akaacha kunitazama usoni, tukanunua nusu kwa nusu. Nilitoka nikijisifu. Kosa langu halikuwa la bei. Nilimtaka ajaribu pete mara mbili, sikumtaka hata mara moja ajaribu ganda la risasi.

Shamba la kuanzia lilikuwa la mama, kule Lurujo. Baba alikuwa askari wa serikali iliyoanguka nikiwa bado mgongoni. Jeshi lilipokimbia lilipita kwetu na kila lilichoweza kubeba, baba hakuwemo. Mama alingoja miaka. Alipochoka, alizika alichobaki nacho: mkanda wa baba na vifungo vya koti lake la gwaride. Koti lenyewe tulijifunika mimi na dada mpaka likaisha. Alizika kwenye kona ya shamba, akaizungushia minyaa. Hakuna mwili mle, lakini kila Ijumaa mama huenda pale na maji yake ya udhu, anakaa, anaomba dua. Ndilo kaburi tulilo nalo.

Imebaki picha moja tu. Baba amesimama wima, koti limefungwa mpaka shingoni, vifungo vinane. Nilivihesabu utotoni, nikarudia.

Mama aliolewa kwenye kambi ya jeshi, na Kiswahili chake ni cha kambi mpaka leo. Aliitazama mashine, akanitazama mimi.

"Itembee shamba yote," akasema. "Kwa mihogo sawa, kwa karanga sawa. Pale kwa mzee yako, hapana. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Sema tena."

"Nimesikia."

Kwa siku tano mashine haikunyamaza. Hamsini na nane, tunachimba, ganda la risasi. Hamsini na nane, mhogo unang'oka, ganda la risasi. Siku ya kwanza yalikuwa arobaini na moja. Nilirudia, arobaini na moja. Lile jeshi lilikuwa limepanda mengi shambani kuliko mama. Jioni ya tano jirani yangu akavua hedifoni.

"Ndugu, hii kitu haijue zahabu. Inajua tu kama umeme inapita muzuri ndani ya chuma. Pete, ganda, kwake yote iko moja."

"Umejua lini?"

"Juzi."

"Na leo tumechimba nini?"

"Leo nilikuwa naomba Mungu."

Siku ya sita mama alikwenda msibani, upande wa pili wa kata. Jirani akapita kando ya minyaa, sahani ikiwa bado imewashwa, akasimama. Akanipa hedifoni. Haikuwa sauti ya maganda. Kioo kiliandika themanini na tatu.

"Ni mkanda wa baba," nikasema.

"Mukaba? Inalia namna hii? Baba yako alikuwa anavaa mulango?"

Nilicheka, na nilipocheka nilikuwa nimeshashindwa. Nikabishana na nafsi yangu, nami kumshusha mtu bei nakujua: tuchimbe dhiraa moja tu, turudishe udongo, mama hajarudi. Nafsi ikakubali upesi kuliko mteja yeyote niliyewahi kumpata.

Kulikuwa na kitambaa kilichooza, bizimu ya mkanda pana kama kiganja, ya kijani kwa kutu, na vifungo. Saba. Nikarudia. Saba. Jirani alivua kofia.

"Pole, ndugu. Turudishe."

Sikuweza kurudisha saba. Tulipitisha mashine juu ya udongo tuliotoa, tukauchekecha kwa vidole, tukamwaga gunia la maganda na kulichambua lote. Hakuna. Nikapanda boda mpaka soko la Koboko, nikatafuta kwenye mitumba koti kuukuu lenye vifungo vya shaba. Mwenye mali alitaka ninunue koti zima. Tulibishana, nikaondoka na kifungo kimoja. Nikakipaka tope, nikakiweka na wenzake. Vinane. Alasiri tulikuwa tumefukia na kufagia kwa tawi.

Mama aliporudi hakuingia ndani. Alisimama kwenye minyaa.

"Umefungua," akasema.

"Nimerudisha yote, mama. Mkanda, na vifungo vyote vinane. Nimehesabu mara mbili."

"Nane?"

"Vinane."

Akafungua fundo la pindo la kitenge chake, pale anapofungia vitu vidogo asivyotaka vipotee. Akatoa kifungo cha shaba, kimelainika kama mbegu kwa kushikwashikwa.

"Mimi nilizika saba," akasema.

Jirani yangu alikuwa anakunja waya ambao ulikuwa umeshakunjwa. Mama akachukua jembe. Nilinyoosha mkono nimsaidie.

"Wacha. Wewe unajua kuhesabu tu."

Alifukua mwenyewe, akavitoa kimoja kimoja, akivisugua kwa kidole gumba. Changu alikitambua bila kukitazama. Alikiweka kwenye kiganja changu kama mtu anayerudisha kitu kilichosahauliwa na mgeni, akafukia vingine.

Jirani aliichukua mashine, akaiuza kwa vijana wa Manibe. Alinipa nusu yangu. Sikuihesabu.

Mama bado ananipigia simu, bado ananitumia unga wa muhogo. Hajawahi kuitaja siku ile. Lakini nikiwa Lurujo siku ya Ijumaa, maji ya udhu yanabaki kwenye birika na mama anajishughulisha na kuku. Nilikaa Ijumaa moja nione kama atakwenda kwenye kona. Hakwenda. Nikaona labda ni mvua, nikakaa na ya pili; jua lilikuwa linawaka, hakwenda.

Jumamosi nilirudi Arua. Dada akanipigia kutoka Lurujo: mama ameshika birika, yuko njiani kwenda kwenye kona ya mzee.