Kidole cha Mjukuu

Watoto wa mtaa wa nyuma ya kiwanda walimpachika jina Bibi Pima, na wakimwona tu na kisanduku chake walitawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Alikuwa muuguzi mstaafu, mdomo mkali, mkono mwepesi. Kwa ajili ya utafiti, alitoboa vidole vya watoto, tone moja moja la damu, ili ijulikane sumu ya risasi kiasi gani imewaingia mwilini kutoka kiwanda kile cha kuyeyusha betri chakavu.

Sharti lake lilikuwa sabuni. Kidole kisipooshwa vizuri, vumbi la ngozini huingia kwenye tone na kipimo kikadanganya. Akina mama aliwasuta bila haya: watoto wanachezea vumbi, wao wanapiga soga. Moyoni alijisifu kwamba yeye anakaa ng'ambo ya reli, ambako moshi haufiki.

Basi utafiti ukahitaji watoto kumi wa ng'ambo, wa kulinganishia. Akampeleka mjukuu wake wa miaka mitatu, kifua mbele. Jibu likaja kubwa kuliko yote ya mtaa wa kiwanda.

Akalaumu sabuni. Akamsugua mtoto vidole mpaka akalia, akatoboa tena. Hali ikawa ile ile. Siku ya tatu ikabidi itolewe damu ya mshipani, na yeye mwenye uzoefu wa miaka thelathini sindano akampa mwenzake. Jibu halikubadilika.

Mkuu wa utafiti, kijana mpole, alimuuliza kwa heshima kama nyumbani kuna mtu wa kiwandani. Mume wangu, akajibu, anapasua betri. Kijana akaendelea: na ovaroli zake, Mama, anazifulia wapi?

Alizifua yeye, kila Jumamosi, kwa mapenzi yote. Maji kwao ni ya shida, na beseni kubwa ni moja tu. Akimaliza ovaroli hulisuuza kwa kata moja ya maji, kisha humwogesha mjukuu humo humo. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na yeye alidhani wanawasema wengine. Alikichukia kiwanda kisichowapa watu wake hata bomba la kuogea, akamchukia mumewe kwa muda, kisha akabaki na nafsi yake, na hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi.

Jioni alimweleza binti yake, mama wa mtoto, bila kuficha kitu. Binti alisikiliza mpaka mwisho.

"Itatoka hiyo sumu, Mama?"

Kina mama wengine aliwaambia wawape watoto maziwa na mboga, Mungu atasaidia. Kwa huyu maneno hayo hayakutoka.

"Ya kwenye damu itapungua," akasema. "Iliyokwishafika kichwani, sijui, mwanangu."

Binti akanyanyuka, akamtoa mtoto mapajani mwa bibi yake.

"Kuanzia leo nitamwogesha mwenyewe," akasema.