Mlinzi wa Farasi
Kwa miaka ishirini Marlys, mpishi wa shule mjini Duluth, alitunga miungu na ahera za mchezo alioucheza na wenzake kila Jumapili, mchezo wa dadu na hadithi. Mwenzao asipokuja, husemwa kwamba shujaa anayemwigiza mchezoni amebaki nyuma kulinda farasi.

Kaka yake Orrin, aliyecheza nao, alipofariki, Marlys alimtungia ahera yenye ziwa lisiloganda. Jumapili iliyofuata alilifungua daftari alimoiandika, akawa anaupapasa ukurasa tu.

“Soma basi, shoga,” Teodora, mmoja wa wachezaji, alimbembeleza. “Orrin yuko wapi?”

Marlys akalifunga daftari.

“Analinda farasi.”

Huu ni mwaka wa nne tangu siku hiyo mashujaa wao wanasafiri kwa miguu, maana wakiwachukua farasi, Orrin hatakuwa na cha kulinda.