Chupa ya Chai Inayorudi Imejaa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Hail, mtaa wa Maskati, Omani. Shariffa anafunga chupa ya chai ya maziwa, anaweka sawa mtandio wake, anachukua ufunguo wa gari. Ndivyo afanyavyo kila siku ya kazi, miaka sasa. Leo mkono wa mama yake unatua juu ya chupa.

"Chai hii yarudi nyumbani kama ilivyotoka," anasema Bi Masouda. "Wenda kazi gani hiyo, hupati hata kumeza funda moja?"

Mama haulizi tena. Anavaa buibui lake, anatangulia garini.

"Twende sote, basi."

Shariffa, mwenye umri wa miaka arobaini na mbili, alikuwa akipokea simu katika kampuni ya vifaa vya ujenzi huko Mawaleh. Miezi miwili iliyopita kampuni ilipunguza wafanyakazi, naye akawemo. Tangu hapo huegesha gari karibu na bahari mpaka saa za kurudi nyumbani. Chai hainyweki.

Wenzake walikwenda kuomba mafao ya waliopoteza kazi. Yeye hakwenda.

"Nna akiba," alimweleza mmoja wao, akivuta ncha ya mtandio. "Kila Ramadhani napiga hesabu, natoa zaka. Mtoa zaka vipi akapange foleni kupokea? Naona ntakula haki ya masikini."

Akiba hiyo ni ya safari. Bi Masouda ana dada mmoja tu aliyebaki, yuko Unguja, mgonjwa, na Shariffa alimwahidi mama kumpeleka akamwone. Lakini tangu aachishwe kazi, kila mwezi matumizi ya nyumba yamekuwa yakimega rial mia tatu za safari hiyo.

Asubuhi hiyo, mama akiwa pembeni, baharini hapaendeki; Shariffa anaendesha mpaka kwenye ofisi ya mafao, akaulize mwenyewe. Kijana wa dirishani, Yaqdhan, anawaamkia kwa Kiarabu. Anapomsikia Bi Masouda akinung'unikia baridi ya kiyoyozi, anahamia Kiswahili.

"Shikamoo, bibi. Wa Unguja wewe? Mie mama yangu Mpemba."

"Marahaba. Mpemba, na baridi yote hii waistahamili vipi?" anajibu Bi Masouda. Yaqdhan anacheka.

Shariffa anainama dirishani. "Kaka, mwenye akiba yafaa kuchukua pesa hizi? Si haramu kwake?"

"Akiba yako hatuiulizi, dada. Hii si zaka. Ulikuwa ukikatwa kwenye mshahara wako mwenyewe, kwa siku kama hii." Anavuta kiti karibu na kompyuta. "Haya, nambie. Kilichokuleta nini?"

Shariffa anamgeukia mama yake.

"Nimeachishwa kazi, mama. Mwezi wa pili huu. Nimekuja kudai changu, ili safari yako ya kwenda kwa dada yako nisiile."