Jicho la Juu la Chemchemi Yetu

Jumapili ya kwanza ya Machi, mwaka jana, nilimpoteza mama. Alikuwa mtunzaji wa chemchemi iliyo bondeni, chini ya kibanja chetu, huku Muleba upande wa Rubya. Kazi hiyo aliirithi kwa shangazi yake, na sasa imebaki kwangu.

Chemchemi ina macho mawili. La chini wanachota watu wote. La juu, lililozungushiwa miti ya milamula kama mpaka, lina maji ya kumwogeshea mtoto siku anapozaliwa na ya kumwoshea mtu siku anapokufa, basi. Anayeyafuata huondoka kabla ya jua, hasemi na mtu njiani, wala habebi chombo kilichowahi kukaa motoni. Sisi ni Wakatoliki, na padre anajua. Siku ile nilikwenda mimi. Jirani alinisalimu gizani, nikapita bila kumjibu, akajua hapo hapo kwamba mama hayupo tena.

Tukiwa bado matangani, tumekaa kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, akaja mtaalamu wa maji kutoka Bukoba mjini, binti wa Kiislamu, mpole, mwenye ushungi na viatu vya mvua. Yeye na wenzake wa serikalini walikuwa wanapanga mradi wa maji wa vilima vyote hivi. Mji wa Kamachumu unakua, wenye kahawa wanataka maji ya kuoshea kahawa, na vijiji vya chini hukauka kila kiangazi. Majirani wakamshusha bondeni. Akauliza nani anachota jicho la juu. Wakamjibu hakuna.

Siwalaumu. Kwetu maji ya kuoshea maiti hayatajwi mbele ya mgeni wakati msiba ungali ndani. Lakini yule binti aliandika alichoambiwa, na mchoro wa mradi uliporudi, sanduku la zege la kukinga maji lilikuwa limewekwa juu ya jicho lile lile, kwa kuwa liko juu na maji yangeshuka yenyewe hadi kwenye tangi.

Niliuona mchoro kwenye mkutano, katika darasa la shule ya msingi. Mimi nimeishia darasa la saba na sijazoea kusema mbele za watu. Nilisimama, nikaeleza yale maji ni ya nini. Nilieleza mpaka mwisho.

"Pole sana na msiba, mama," akasema yule binti wa maji. "Lakini wenzako mbona waliniambia hakuna anayechota?"

Mzee mmoja akajibu kutoka nyuma, kwa upole wa Kihaya, "Ulitukuta na msiba, waitu. Tungesemaje?"

"Mngeniambia, binti, rudi wiki ijayo."

Darasa zima likacheka, na yule mzee akacheka kuliko wote.

Kisha binti akatueleza ukweli wake. Sanduku linaweza kujengwa kwenye jicho la chini, ila wakati wa kiangazi maji hayatatosha, maana mikaratusi ya pale mtelemkoni inayanywa. Ikikatwa, na miti ya asili ikapandwa, yatatosha. Akauliza mikaratusi ni ya nani.

Watu wote wakanigeukia.

"Haya," akasema jirani yangu mmoja, mwanamke mwenye maneno. "Mwenye jicho ndiye mwenye miti. Tuone sasa."

Nilirudi nyumbani kwanza. Miti ile aliipanda baba, nami nilikuwa naingoja ikomae nipate mbao za kuezekea nyumba upya. Nilitaka jicho, na miti pia niliitaka. Nilishuka bondeni peke yangu, nikatazama maji ya jicho la chini yalivyokuwa membamba, nikafikiria wale wa vijiji vya chini wanaokesha na ndoo. Mkutano uliofuata nilisema miti ikatwe. Binti akachora duara kuzunguka jicho la juu, akaandika kwamba hapo hapaguswi, akageuza karatasi ili kila mtu aone. Yule jirani mwenye maneno alinishika mkono wakati wa kutoka.

Mimi si mtu wa kujisifu. Lakini kijiji changu kilikaa kwenye madawati ya watoto, kikabishana mpaka kikaelewana na serikali, na nilikuwemo. Ningependa mama angeniona nimesimama pale. Nyumba bado inavuja upande wa jikoni.

Mwezi uliopita bomba lilifunguliwa kandokando ya barabara. Nilichelewa kwa sababu ya kupalilia. Nilipofika, wanawake wa vijiji vya chini walikuwa wamejipanga hadi kwenye uzio wa shule. Mmoja akanitambua.

"Hee, mwenye chemchemi naye anapanga foleni?"

"Ndiyo," nikasema. "Sogeza ndoo yako."

Akasogeza, nami nikaweka yangu nyuma yake.